Prizi ndani ya kabati la biro: fundi wa umeme aitwe mbele ya seremala

Katika nyumba nyingi za kupanga mjini Goma na Bukavu, chumba kina prizi moja tu, kando ya mlango. Anayefanyia kazi nyumbani anamwita seremala amtengenezee kabati la ukutani, ili kompyuta, mashini ya kuchapa na modemu ya intaneti vikae humo na watoto wasiviguse. Umeme unakumbukwa mwishoni. Kabati limekwisha, ndipo ralonji inapitishwa chini ya mlango na multiprizi kulazwa juu ya karatasi.

Ingefaa fundi wa umeme atangulie. Prizi za kabati zipewe laini yao kutoka kwenye disjonkta, kwa waya wa milimita mraba 2.5, ule wa 1.5 ni wa taa. Disjonkta ya ampea 16 kwenye volti 220 inabeba wati 3.520, na hizo zinatosha biro. Kompyuta ya kubeba inakula wati 65 hivi. Lakini mashini ya kuchapa ya leza inaweza kukaribia wati 1.000 inapopata moto, na hapo ralonji nyembamba, tena iliyozungushwa kama kamba ya mbuzi, inaanza kunuka.

Joto ndilo tatizo kubwa. Chaja iliyo wazi inapozwa na hewa ya chumba. Ndani ya kabati hewa ni ile ile, saa baada ya saa. Seremala atoboe matundu chini na juu, kwa sababu hewa ya moto inapanda. Prizi iwe ubavuni, ndani ya boksi lake, mbali na karatasi, na waya usibanwe na droo.

Kuna pia wanaoficha humo betri za kusaidia wakati wa delestaji. Hilo ni hatari: betri za asidi zinapochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto. Na Goma nyumba za mbao zimeshikana. Moto wa kabati moja unaweza kuchoma uwanja mzima.

Inabaki hesabu ya gharama. Mpangaji akihama, anabeba kabati lake, ila laini iliyo ukutani anamwachia mwenye nyumba. Kwa hiyo ni vizuri wapatane kwanza, kwa maandishi, kama pesa hiyo itakatwa kwenye kodi au itaongezwa kwenye garanti atakayorudishiwa.