Kadi Iliyofunguka Nyeupe

Binamu yangu ni katibu wa kamati ya harusi. Jioni moja alipokea kwa WhatsApp faili la kadi ya mwaliko kutoka kwa dizaina, akaligusa, simu ikamwonyesha ukurasa mweupe wenye sentensi fupi ya Kiingereza. Akanipigia: "Kaka, kadi imeharibika au simu yangu ndiyo mbovu?" Hakuna kilichoharibika. Jina la faili liliishia na herufi PSD, na simu ilionyesha kile kile ilichokikuta ndani.

PSD ni faili la Photoshop, programu ambayo Adobe iliitoa mwaka 1990. Tangu toleo la tatu, mwaka 1994, kazi huhifadhiwa humo kwa matabaka, ambayo mafundi huyaita leya. Chukua karatasi za nailoni angavu, uzipange moja juu ya nyingine: ya chini ina rangi ya kadi, inayofuata ina maua, kisha majina ya maharusi, na juu kabisa tarehe na ukumbi. Ukitazama kutoka juu unaona kadi moja. Ukumbi ukibadilika, unagusa karatasi moja tu, maua hayaguswi.

Wengi hudhani simu inapofungua faili hilo huyapanga matabaka upya hadi kadi ikamilike. Mara nyingi haifanyi hivyo. Ndani ya PSD kuna sehemu tano zinazofuatana. Ya kwanza ni kichwa cha baiti 26, kinachoanza na alama 8BPS na kutaja upana, urefu na mfumo wa rangi. Katikati kuna taarifa za rangi, mipangilio mbalimbali na matabaka yenyewe. Sehemu ya tano, mwishoni kabisa, ni picha bapa: kadi nzima ikiwa imeshaunganishwa. Programu nyingi za kutazamia huyaruka matabaka na kwenda moja kwa moja kuisoma hiyo.

Ndipo ilipokwama kadi ya binamu yangu. Photoshop ina mpangilio wa kuhifadhi picha bapa pamoja na matabaka ili programu nyingine ziweze kulionyesha faili. Dizaina akiuzima, faili huwa jepesi zaidi, lakini mahali pa kadi huwekwa weupe na ile sentensi, inayosema kwamba picha iliyounganishwa haikuhifadhiwa. Matabaka yote yamo, mazima. Dawa ni dizaina kuuwasha mpangilio huo na kuhifadhi upya.

Kwa nini basi simu isiyaunganishe yenyewe? Piga hesabu. Bango la A3 kwa nukta 300 kila inchi lina pikseli 3,508 kwa 4,961, yaani zaidi ya milioni 17. Kila pikseli ikichukua baiti nne, tatu za rangi na moja ya uangavu, tabaka moja linalojaza ukurasa hula takriban megabaiti 70 za kumbukumbu. Matabaka 20 ya namna hiyo ni gigabaiti 1.4, kwenye simu ambayo pengine ina tatu tu, nazo zinagombewa na kila kitu kilicho wazi. Ukubwa unaouona kabla ya kupakua usikudanganye, kwa kuwa faili hubanwa linapohifadhiwa na kufumuka linapofunguliwa. Programu inayojifunga ghafla katikati ya kufungua, kwa kawaida imeishiwa kumbukumbu.

Anayetaka kuyaona matabaka simuni ana njia. Ninayoielekeza kwanza ni Photopea, kwa sababu inaendeshwa ndani ya kivinjari na faili hufunguliwa kwenye simu yako bila kupelekwa kwenye seva yao. Adobe wenyewe walileta Photoshop ya iPad mwaka 2019 na ya iPhone mwaka 2025. Lakini kamati inayotaka kuisoma kadi na kuidhinisha haihitaji hata moja. Iombe PDF au PNG, ikague majina herufi kwa herufi. Rangi ni jambo jingine: faili lililoandaliwa kwa mashine ya kuchapia hutumia mfumo wa wino wa rangi nne, na kioo cha simu hutoa mwanga, hivyo kijani au buluu inayong'aa simuni inaweza kutoka imefifia kwenye karatasi. Kwa rangi, dai nakala moja iliyochapwa kabla ya kuruhusu mia tatu.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linanigusa kuliko yote. Tabaka linaweza kuzimwa lisionekane na bado likabaki ndani ya faili. Nilipoifungua kadi ya binamu yangu kwa Photopea, chini ya majina ya maharusi wetu nilikuta tabaka lililozimwa. Nilipoliwasha, yakajitokeza majina ya wanandoa wengine, ukumbi wao na namba mbili za simu za kutoa taarifa za mchango. Dizaina alitumia kadi ya mteja wa awali kama kiolezo, na familia hiyo haikujua kwamba namba zake zilikuwa zikizunguka kwenye kundi la watu wasiowafahamu. Nililifuta tabaka lile, nikahifadhi PNG kwa ajili ya kundi, kisha nikampigia dizaina nikamweleza nilichokiona. Alinyamaza kidogo, akauliza ni mafaili mangapi mengine aliyatuma hivyo.