Jahazi ni moja: wajibu wa kila tabaka katika kukabili mabadiliko ya tabianchi

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Nu'man bin Bashir (r.a.) mfano ambao Mtume (s.a.w.) aliwapigia masahaba zake. Watu walipanda chombo, wakapiga kura. Wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walipohitaji maji iliwabidi wapite kwa wa juu. Wakaona wanawaudhi wenzao, wakawaza kutoboa tundu upande wao wenyewe. Mtume (s.a.w.) akabainisha kwamba wakiachiwa kufanya hivyo wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote.

Tumeukumbuka mfano huu kwa kuwa dunia yetu leo ni chombo kinachoingiza maji. Wataalamu wanaeleza kwamba katika miaka ya 2011 hadi 2020 joto la dunia lilikuwa limepanda kwa takriban nyuzi 1.1 za Selsiasi kuliko lilivyokuwa kati ya mwaka 1850 na 1900. Sababu kubwa ni kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, pamoja na kufyeka misitu. Hewa ya ukaa hujilundika angani na kuzuia joto lisitoke, kama blanketi linavyomfunika aliyelala. Aya ya 41 ya Surat Rum inatufahamisha kwamba uharibifu umedhihiri barani na baharini kutokana na yale yaliyotendwa na mikono ya watu, ili waonje baadhi ya matendo yao, huenda wakarejea.

Hapa lipo jambo la kustaajabisha. Katika mfano wa Mtume (s.a.w.) wanaotaka kutoboa ni wa chini. Katika zama zetu waliotoboa zaidi ni wa juu, yaani mataifa tajiri yenye viwanda; Afrika nzima huchangia chini ya asilimia 4 ya gesi hizo. Lakini maji hayaulizi nani alitoboa. Huwaingilia kwanza walio chini.

Waulizeni akina mama wa Paje na Jambiani huko Unguja. Kilimo cha mwani kilipoingia Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wengi waliokishika walikuwa wanawake, na kwa mara ya kwanza wengi wao wakapata fedha za mikononi mwao: za ada za watoto, za bati, za dawa. Mwani wenye bei nzuri, uitwao kotonii, haustahimili maji yenye joto. Bahari ya kina kifupi ilipozidi kupata joto, mwani huo ukawa unaugua na kukatika kwenye kamba. Dawa yake ni kuupeleka kwenye kina kirefu, lakini huko kunahitajika chombo na kujua kuogelea, na wengi wa akina mama hawa hawana kimoja wala kingine. Mama huyu hana kiwanda wala gari, na ndiye aliyetangulia kulowa.

Je, tukae tukiwalaumu wa juu? Kuwadai ni haki. Serikali zetu zina wajibu wa kusimamia madai hayo katika mikutano ya kimataifa, na mfuko wa kufidia hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 ni tunda la kudai huko. Lakini aliye ndani ya chombo kinachozama hangoji hukumu ndipo ashike kata ya kufulia maji.

Na tuanze na sisi tunaopanda mimbari, kwa kuwa si uungwana kuwanyooshea wengine kidole. Imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitia udhu kwa mudd moja, nayo ni takriban theluthi mbili za lita. Katika msikiti mmoja tunaosali mara kwa mara, tuliweka ndoo ndogo chini ya bomba la kijana aliyekuwa akitawadha. Ilifurika kabla hajafikia miguu. Tulipojipima sisi wenyewe tuliona haya, maana hatukumshinda kwa mengi. Jiji la Dar es Salaam liliingia katika mgao wa maji mwaka 2022 baada ya maji ya mto Ruvu kupungua, na bado misikitini mwetu yanamwagika kana kwamba hayana hesabu.

Kadhalika Maulidi. Tumesimama mara nyingi tukisoma sifa za Mtume (s.a.w.), na nyuma ya madrasa magogo ya mwembe yakiteketea chini ya masufuria ya pilau. Hatukuwahi kuuliza nani atapanda mwembe mwingine. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa tangazo. Litafikiwa jikoni, na jiko lina gharama. Mjane anayenunua mkaa wa kopo kila jioni hana fedha za mtungi kwa mkupuo mmoja, ingawa kwa mwaka hutumia zaidi.

Hapo ndipo kamati za misikiti na matajiri wetu wana mlango wa kheri. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa ajili ya Waislamu. Ni nani leo atakayetoa majiko banifu kwa wajane wa mtaa wake, au taa za jua kwa madrasa, au kipande cha ardhi ya wakfu kipandwe miti isiyokatwa? Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha mtu, ndege au mnyama akala humo, hiyo ni sadaka yake.

Kwamba neno la dini lina uzito katika jambo hili, ushahidi upo Pemba. Kisiwa cha Misali, ambacho wazee husimulia kuwa jina lake limetokana na msala, kilitangazwa hifadhi mwaka 1998. Mwaka huo huo joto la bahari liliyababua matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, na matumbawe yaliyovunjwa kwa baruti hupona kwa taabu. Makatazo ya serikali peke yake hayakuwaingia wavuvi wote. Masheikh walipokaa nao na kuwaeleza juu ya amana, israfu na ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi, wengi waliliona jambo kuwa ni lao wala si la ofisi. Mtaalamu alileta elimu, serikali ikaleta sheria, sheikh akaleta maonyo, na mvuvi, aliye muhimu kuliko wote, akaleta mkono wake.

Mfano mwingine ni mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Tanzania Juni 1, 2019. Suala hilo ni la taka zaidi kuliko la joto, lakini mafunzo yake ni yale yale: sheria ilitoka, mfanyabiashara akaacha kuuza, mnunuzi akarudi kwenye kikapu. Lau mmoja wao angegoma, jambo lingekwama.

Wapo wanaosema kuwa hizi ni dalili za Kiama, basi kuhangaika kuna faida gani? Tunawajibu kwa kauli ya Mtume (s.a.w.) iliyopokewa na Imam Ahmad, kwamba hata Kiama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Na yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, ndipo atawakali.

Ndugu msomaji, usitoke katika makala haya na mzigo usioubeba. Uliye imamu, weka mfuniko kwenye matumizi ya maji ya msikiti wako, na maji ya udhu yaelekeze kwenye miche. Mwalimu, mpe kila mwanafunzi mti wa kumwagilia hadi ahitimu. Mkulima, acha kuchoma shamba. Mfanyabiashara, usinunue mkaa wa mikoko. Kiongozi, usitie saini ufyekaji wa msitu usiokuwa wako bali wa wajukuu. Kila mmoja amshike mwenziwe mkono kwa upole kabla tundu halijapanuka.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuitunza amana yake, na awaokoe waliotangulia kulowa kwa makosa yasiyo yao. Wabillahi tawfiq.