Je, Wajua? Mjukuu wa Waziri Mkuu wa Uganda Alitwaa Super Bowl

Mathias Kiwanuka, aliyezaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983, ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa mwaka 1972 enzi za Idi Amin akiwa Jaji Mkuu. Baada ya kung'ara katika chuo cha Boston College, alichaguliwa na New York Giants, timu ya futiboli ya Marekani, katika raundi ya kwanza ya uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2006, akiwa wa 32 kuchaguliwa.

Nafasi yake ilikuwa pembeni mwa safu ya ulinzi. Katika soka, beki wa Shabana FC katika Uwanja wa Gusii, Kisii, hulinda lango lake; mlinzi wa safu hii hushambulia. Huinama, mkono ukigusa nyasi, na mpira ukianza kuchezwa huchomoka, humpita mzuiaji mwenye kilo zaidi ya 130, kisha humwangusha kwotabeki, mrushaji mpira wa wapinzani, kabla hajaurusha.

Novemba 2006, Kiwanuka alimkamata Vince Young, kwotabeki wa Tennessee Titans, akamwachilia akidhani mpira umesharushwa. Young alitoroka nao, na Titans wakashinda 24-21.

Mwaka 2007 alivunjika mguu, hivyo Giants walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, ya Februari 2008 akiwa majeruhi. Februari 2012 alikuwa uwanjani walipoilaza New England Patriots 21-17 katika fainali hiyo, jijini Indianapolis. Giants walimwachilia Machi 2015, baada ya misimu tisa.