Kasri la Mtoni: Jumba la Sultani Zanzibar lililobaki magofu

Ukitoka Mji Mkongwe kuelekea kaskazini kwa barabara ya pwani, kilomita kama tano tu, kuna kuta kuukuu zinazotazama bahari karibu na matangi ya mafuta. Wengi hupita bila hata kugeuza shingo. Hapo ndipo palipokuwa na Kasri la Mtoni, jumba la kwanza la shamba la Seyyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar.

Lilianzaje?

Eneo hilo lilikuwa shamba la Saleh bin Haramil, Mwarabu wa Oman anayetajwa kuwa ndiye aliyeleta karafuu Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Seyyid Said alimnyang'anya mali zake, kisha akajenga kasri lake hapo kati ya mwaka 1828 na 1834. Jina lilitokana na kijito kilichopita hapo na kumwaga maji yake baharini.

Maisha ya ndani

Mengi tunayoyajua yameandikwa na binti wa Sultani, Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1886.

Anasema jumba lilikuwa na watu zaidi ya 1,000, wakiwemo wake, watoto, masuria na watumwa. Uani walizurura tausi, paa, kanga, mabata na hata mbuni! Upande mmoja kulikuwa na safu ya mabafu, na kando yake michungwa mirefu iliyosongamana. Watoto walipomkimbia mwalimu wao mkali, basi huko juu ya michungwa ndiko walikojificha.

Sultani alikaa Mtoni siku nne kwa wiki, zilizobaki akawa mjini. Alipenda baraza kubwa la mviringo lililoelekea baharini. Hapo alinywa kahawa na kutembea huku na huku akichechemea, kwa sababu ya jeraha la vitani.

Nani alilipa gharama?

Raha hiyo haikuja bure. Utajiri wa Sultani ulitokana kwa sehemu kubwa na karafuu na biashara ya watumwa, na walioilima na kuichuma karafuu hiyo walikuwa watumwa waliotolewa bara. Majina yao hayamo katika kumbukumbu hizo. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897.

Lilianguka vipi?

Seyyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirudi kutoka Oman. Masultani waliofuata walijenga majumba mengine, kama lile la Maruhubi la Sultani Barghash, na Mtoni ikaachwa. Mwaka 1914 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kilichobaki.

Kwa nini ni muhimu leo?

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, lakini Mtoni iko nje ya mipaka yake. Kuta za mawe na chokaa zikiachwa bila paa, mvua huzila taratibu na mizizi ya miti huzipasua. Kila masika yanapopita, kinachopungua si mawe tu. Ni ushahidi wa mahali ambapo Sultani na watumwa wake waliishi ndani ya ukuta mmoja.