Wakati wa Kwenda Kilwa Kisiwani

Leo tutazungumza habari za safari ya Kilwa Kisiwani, mji wa kale ulio katika Mkoa wa Lindi. Huenda darasa lenu limeanza kukusanya fedha za safari hiyo. Basi chagueni mwezi kabla ya kulipa nauli, maana mwezi usiofaa waweza kula fedha zenu zote nanyi msifike.

Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno mawili: KASKAZI na KUSI.

Kaskazi huvuma tangu Desemba mpaka Machi hivi. Upepo huo ndio ulioleta majahazi kutoka Uarabuni na Uajemi. Kusi huanza Aprili, nao ndio uliowarudisha wafanyabiashara kwao, wamepakia dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu. Msafiri Ibn Battuta, mtu wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 kwa pepo hizo hizo. Kwa hiyo tangu zamani mji huo hauendewi ovyo ovyo.

Siku hizi twaenda kwa basi, lakini mvua hazijabadili tabia. Masika, yaani Machi mpaka Mei, msiende. Mwezi wa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, kabla ya kufika Kilwa Masoko. Mabasi na malori yalikwama.

Juni mpaka Agosti ni kukavu na kuna baridi kidogo. Tatizo ni kusi yenyewe. Kutoka Kilwa Masoko mpaka kisiwani ni safari fupi ya mashua, lakini upepo ukizidi mawimbi huwarushia abiria maji. Vukeni asubuhi. Mkiwa na wazee, mwulizeni nahodha hali ya bahari, wala msimsikilize kila apigaye kelele pwani.

Januari na Februari jua ni kali mno. Kutoka Msikiti Mkuu mpaka Husuni Kubwa, jumba la sultani lililojengwa karne ya 14, ni zaidi ya kilomita moja kwa miguu. Asiyekuwa na nafasi ila miezi hiyo achukue maji ya kutosha.

Mimi ningechagua Septemba. Kusi imepungua, na njia ni kavu.

Tena tazameni kalenda ya Kiislamu. Wenyeji wa kisiwa ni Waislamu, na Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka. Si adabu kula mbele ya watu waliofunga, na mwenye kuwatembeza naye amefunga.

Kibali cha kutazama magofu chukueni Kilwa Masoko kabla ya kuvuka.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni mwezi mtakaokwenda, na chini yake sababu mbili. Kisha pigeni hesabu: nauli ya basi, mashua, kibali na chakula, kwa mtu mmoja.