Tumkumbuke Steven Kanumba, Mwana Aliyeondoka Ghafla

Akina mama wenzangu, Jumamosi ile ya tarehe 7 Aprili 2012 tulikuwa kanisani hapa Mtwara, wengine wakifagia, wengine wakipanga maua kwa ajili ya Pasaka ya kesho yake. Binti mmoja wa kwaya akaingia mbio, simu mkononi: "Mama, Kanumba amekufa!" Tulimkemea tukidhani ni uvumi. Baadaye redio ikathibitisha. Mama mmoja akaweka ufagio chini, akakaa kwenye benchi na kulia. "Umri wake ni sawa na wa mwanangu," alisema.

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonana naye. Hata hivyo, tulikuwa tukimwona katika vibanda vya video na katika nyumba zetu, jioni baada ya kazi za shamba. Kwetu alikuwa kama kijana wa jirani.

Alikuwa nani?

Steven Charles Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alianza kufahamika kupitia kikundi cha sanaa cha Kaole, ambacho michezo yake ilionyeshwa kwenye televisheni. Kisha akaingia katika filamu. Katika "Dar 2 Lagos" aliigiza pamoja na Mercy Johnson wa Nigeria, na katika "Devil Kingdom" akaigiza na Ramsey Nouah. Hivyo alisaidia kufungua mlango kati ya wasanii wetu na wa nchi ile, ambao kazi zao tulizoea kuzitazama tu.

Jambo lililonigusa zaidi ni nafasi aliyowapa watoto. Katika "Uncle JJ" na "This Is It" watoto wana sehemu kubwa katika hadithi. Nyumba nyingi ziliketi pamoja, wazazi na watoto, kutazama filamu hizo.

Yote hayo aliyafanya kabla ya kutimiza miaka 29. Mama, usimdharau kijana wako kwa sababu kipaji chake si kile ulichokitarajia.

Usiku ule wa Sinza

Alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi hiyo, nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Mahakama ilielezwa kwamba ulitokea ugomvi chumbani, kati yake na msichana aliyekuwa na uhusiano naye, kwa sababu ya simu. Uchunguzi wa madaktari ulionyesha kwamba ubongo ulipata mtikisiko. Novemba 2017 Mahakama Kuu ilimhukumu msichana yule kifungo cha miaka 2 kwa kosa la kuua bila kukusudia.

Alizikwa makaburi ya Kinondoni siku ya Jumanne, tarehe 10 Aprili. Umati ulikuwa mkubwa mno, hata watu wakazimia. Nilimfikiria mama yake nikamkumbuka yule mjane wa Naini katika Injili ya Luka, aliyefuata jeneza la mwanawe hadi lango la mji. Nilimfikiria pia mama wa yule msichana. Ugomvi wa dakika chache uliwaliza akina mama wawili.

Tunajifunza nini?

La kwanza nalisema kama muuguzi. Pigo la kichwani si la kudharau, hata kama hakuna damu. Sisemi kwamba Kanumba angeweza kuokolewa. Hilo siwezi kulijua. Lakini miaka iliyopita, huko Msimbati, kijana mmoja alianguka kutoka juu ya mnazi. Aliinuka, akacheka, akala chakula chake na kwenda kulala. Usiku mama yake alimwamsha, akaona anajibu ovyo na kutapika. Hakungoja kuche. Walimpakia kwenye gari la samaki, wakapita barabara ya mchanga hadi hospitali. Leo kijana yule ni baba wa watoto wawili.

Aliyegonga kichwa akipoteza fahamu, akitapika mara kwa mara, akichanganyikiwa, akipata degedege, akitokwa na damu au majimaji puani au masikioni, au kichwa kikizidi kumuuma, mpeleke hospitali upesi. Usingizi wenyewe si kosa. Hatari ni usingizi ambao ukimwita mtu haamki sawasawa. Usimpe pombe wala aspirini.

La pili nalisema kama mzazi. Tunawafundisha binti zetu kupika na wavulana wetu kutafuta riziki. Je, tumewafundisha namna ya kutoka katika ugomvi? Mwambie mwanao: hasira ikipanda, toka nje, hata kama wewe ndiye mwenye haki. Usimzuie mwenzako mlangoni, usimvute, usimsukume. Naye binti asikie maneno hayo hayo. Nasi tujiulize watoto wetu wanaona nini tunapokosana na baba zao.

La tatu, tusingoje msiba ndipo tumsifu mtu. Mambo mengi mazuri juu ya Kanumba yalisemwa alipokuwa amekwisha kulala jenezani.

Jioni ile nilirudi nyumbani, nikamkuta kijana wangu akirekebisha baiskeli. Nilikuwa nimekusudia kumgombeza kwa kutochota maji. Badala yake nilikaa karibu naye, nikamshikia gurudumu. Maji tulikwenda kuyachota pamoja.