Picha dhahania ya matabaka

Picha dhahania ya matabaka ni picha inayotengenezwa kwa kulaza picha mbili au zaidi, zilizopigwa kwa karibu sana, moja juu ya nyingine na kuzichanganya ziwe picha moja. Vitu vilivyopigwa, kama vile kutu ya bati, gome la mti, ganda la kitunguu au mishipa ya jani, havitambuliki tena kwa urahisi. Kinachobaki ni mistari, rangi, vivuli na ukwaruzo au ulaini wa uso wake.

Picha ya namna hii hutofautiana na kolaji. Katika kolaji vipande huwekwa kando kwa kando na mipaka yake huonekana. Katika picha ya matabaka kila picha huonekana kupitia nyingine.

Historia

Kuunganisha picha kulianza zamani kabla ya kompyuta. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Uingereza, aliunganisha negativi zaidi ya 30 kupata picha moja kubwa ya watu. Mwaka 1917 Alvin Langdon Coburn, Mmarekani aliyeishi London, alifunga vioo vitatu kwa umbo la pembetatu mbele ya lenzi, akapiga picha za fuwele na vipande vya mbao. Picha hizo ni kati ya picha dhahania za mwanzo kabisa zilizopigwa kwa kamera. Mwaka 1928 Mjerumani Karl Blossfeldt alichapisha kitabu cha picha za mimea zilizokuzwa sana, zilizoonyesha kwamba chipukizi dogo likitazamwa kwa karibu hufanana na nguzo au chuma kilichofuliwa.

Wapiga picha wa filamu walichanganya picha ndani ya kamera yenyewe, kwa kupiga mara mbili bila kusogeza filamu. Kila pigo lilipewa nusu ya mwanga wa kawaida. Kwa mapigo manne, robo. Programu ya Photoshop ilitolewa mwaka 1990 na kuongezewa matabaka mwaka 1994. Leo kazi hiyo hufanyika pia kwa programu za bure kama GIMP.

Kupiga picha za msingi

Katika upigaji wa karibu wa kipimo cha 1:1, kitu huonekana kwenye kihisio cha kamera kwa ukubwa wake halisi. Kamera yenye kihisio cha milimita 36 kwa 24 hujazwa na eneo la ukubwa huohuo, yaani dogo kuliko kiberiti. Kwa umbali huo ni sehemu nyembamba tu inayoonekana vizuri, na mtikisiko mdogo huharibu picha. Kwa hiyo kamera husimamishwa kwenye stendi ya miguu mitatu. Mwanga wa kutoka ubavuni hufaa zaidi, kwa kuwa vivuli vyake hudhihirisha mabonde na vilima vidogo vya uso wa kitu.

Namna matabaka yanavyochanganyika

Kompyuta huhesabu kila nukta ya picha kama namba, kwa mfano kutoka 0 (nyeusi) hadi 1 (nyeupe). Njia kuu za kuchanganya ni hizi:

- Kuzidisha: namba za nukta mbili huzidishwa. Nukta za 0.5 na 0.4 hutoa 0.2, hivyo picha huwa nyeusi zaidi. Palipo peupe hapabadilishi kitu.
- Kuangaza: namba hugeuzwa kwanza, huzidishwa, kisha jibu hugeuzwa tena. Nukta zilezile hutoa 1 − (0.5 × 0.6) = 0.7. Palipo peusi hapabadilishi kitu.
- Tofauti: namba ndogo hutolewa katika kubwa. Picha mbili zinazolingana kabisa hutoa weusi mtupu.
- Wastani: kila tabaka hufifishwa ili yote yawe na uzito sawa. Kwa matabaka manne, la chini huachwa na nguvu ya 100%, na yanayofuata hupewa 50%, 33% na 25%.

Hesabu hii hueleza kosa la kawaida la wanaoanza. Wastani wa picha nyingi zisizohusiana huelekea kuwa kijivu, kwa sababu sehemu angavu za moja hufutwa na sehemu nyeusi za nyingine. Wingi wa matabaka hauongezi uzuri. Mara nyingi picha mbili au tatu hutosha, mradi moja iwe na umbo lenye nguvu, kama mishipa ya jani, na nyingine iwe na uso tulivu, kama ukuta au karatasi. Nafasi nyeupe ya picha moja ndiyo mlango wa kuonekana kwa nyingine.

Uaminifu na hakimiliki

Picha ya matabaka si ushahidi wa jambo lililotokea, ingawa kila sehemu yake ilipigwa kwa kamera. Katika sanaa hilo si kasoro. Katika habari, mahakama au sayansi, kuiwasilisha kana kwamba ilipigwa mara moja ni udanganyifu, hivyo maelezo yake yanapaswa kutaja kwamba imechanganywa. Vilevile, kuchanganya picha ya mtu mwingine hadi isitambulike hakumaanishi kwamba hakimiliki ya mwenyewe imekwisha. Njia salama ni kutumia picha za mtu mwenyewe au zilizotolewa kwa leseni huru, na kutunza nakala za asili bila kuzibadilisha.